Marehemu Muharami Salumu Amiri na Kompyuta Zake Thelathini na Moja

Marehemu Muharami Salumu Amiri alizaliwa Jumatano, tarehe 4 Juni 1958, hapa hapa Kaole, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Salumu Amiri, mkulima wa minazi, na Bi Fatu.

Alisoma madrasa na shule ya msingi kijijini. Akiwa darasa la tano aliitengenezea shule kengele kwa betri chakavu za tochi. Ikagoma kuzimika, ikalia asubuhi nzima mpaka mwalimu mkuu akawaruhusu watoto warudi makwao. Aliosoma nao wanamheshimu kwa siku ile kuliko kwa mengine yote. Mwaka 1975 alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa redio, na mwaka 1981 akafungua banda lake Dunda, mjini Bagamoyo, alimofanyia kazi kwa miaka arobaini na mbili.

Mwaka 1984 alimwoa Bi Mwanvita wa Kiwangwa. Walijaaliwa watoto watatu: Hajra, Haidar na Jasmin.

Mwaka 1991 mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao alimwachia marehemu kompyuta ndogo ya nyumbani, ya kibodi tupu, inayochomekwa kwenye televisheni na kusoma kazi zake kutoka kwenye kaseti ya kawaida ya redio. Televisheni alikuwa nayo ya kunasia matangazo ya Zanzibar. Basi jioni taarifa ya habari ikawa inamsubiri Hajra amalize kuchora. Alichora kwa kubonyeza vitufe, kamraba kwa kamraba, na kila mchoro baba yake aliuhifadhi kwenye kaseti moja, mmoja nyuma ya mwingine.

Masika ya 1995 umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikaungua. Marehemu alisema ataitengeneza akipata nafasi. Mwezi wa Septemba Hajra akafariki kwa malaria, akiwa na miaka tisa.

Kwenye hitma ya arobaini Bi Mwanvita alitaka kuirekodi dua. Akatafuta kaseti, akapata moja ambayo ukiipiga inapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Akaiona mbovu, akairekodia dua juu yake. Marehemu alikuwa nje anapokea wageni. Kelele zile ndizo zilizokuwa michoro ya Hajra, na aliporudi ndani, dua ilikuwa imeifunika yote isipokuwa mmoja, ule wa mwisho. Akarudi nje kwa wageni.

Hapo ndipo ulipoanza ule mkusanyiko ambao Bagamoyo nzima iliucheka. Kompyuta ya pili aliinunua ili kuifufua ya kwanza, ya tatu kuifufua ya pili. Alizifuata Tanga, Unguja, na kwenye vyumba vya ofisi zilizofungwa. Zikaja na kaseti, na disketi, na printa zinazokula karatasi zenye matundu pembeni. Chumvi ya bahari ilikuwa inazila, naye alizifungua na kuzianika juani kwenye majamvi kama wengine wanavyoanika dagaa. Watu walisema mwizi akiingia kwa Muharami atatoka na huruma. Bi Mwanvita naye aliwaambia mashoga zake kwamba ana wake wenza thelathini na mmoja na hakuna hata mmoja anayejua kupika.

Kila mwaka, Alhamisi ya mwisho ya Shaabani, Bi Mwanvita aliipiga kaseti ya dua. Dua ikiisha, kelele za paka zikaanza, alitaka kuizima. Marehemu alimwomba aiache iishe. Alikaa akasikiliza zile kelele mpaka mwisho, kisha akainuka kwenda kutia udhu.

Mwaka 2016 kompyuta moja ilikubali kuisoma ile kaseti. Mdogo wake, Mohamedi, alikuwa amepita kuazima bisibisi, akakuta televisheni inachora mstari kwa mstari: paa la makuti, na juu yake duara, jua au mpira. Picha ilipofika theluthi ikakwama. Chini ya paa hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umeshaula utepe. Mohamedi akamwambia, "Kaka, turudie."

"Utepe ukikatika, nitakuwa nimemzika mara mbili," alisema marehemu. Hakuijaribu tena, na tangu siku hiyo hakununua kompyuta nyingine.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo. Mwezi uliopita, akiwa amelazwa, Bi Mwanvita alimtania kwamba akipona achague, yeye au yale makopo, maana tangu lini kopo likamuuguza mtu. Hapo ndipo marehemu alipomweleza yote. Bi Mwanvita akamuuliza:

"Miaka yote hii, baba Hajra. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, usingeisikiliza tena ile dua. Na dua nayo ni yake."

Marehemu alifariki alfajiri ya leo, Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka sitini na sita. Ameacha mke, Bi Mwanvita, watoto wawili, Haidar na Jasmin, wajukuu wanne, mdogo wake Mohamedi na dada yake Bi Mwaija. Alitanguliwa na Hajra.

Desturi yetu, mahali hapa ndipo familia huwaomba wote aliowakosea marehemu wamsamehe, nasi tunawaomba. Lakini Bi Mwanvita, ambaye ameingia eda na hayupo hapa makaburini, ameagiza na lake lisomwe wala lisipunguzwe: kaseti ile aliifuta yeye, kwa mkono wake, bila kujua. Anamwomba radhi mumewe mbele yenu, kwa kuwa hospitali alitaka kumwomba na sauti ikagoma kutoka.

Mwenyezi Mungu amsamehe Muharami, amkutanishe na mwanawe, na ampe pumziko la amani. Amin.