Kituo cha Kumrudisha Boke Mtihanini

Benchi letu liko Bomani, mbele ya kibanda cha Hamidu fundi cherehani, ambaye sisi tunamwita Sindano. Mwanamvua anapoleta birika la kahawa saa nne asubuhi, huwa tumeshaanza kubishana. Jumanne hiyo alikuja Emanueli kutoka Busawe na vipeperushi vitatu vya tuisheni. Tunamwita Baba Daktari, tangu binti yake Boke alipoingia kidato cha kwanza akasema atatibu watu. Sasa Boke kamaliza cha sita. Fizikia na Baiolojia kafaulu vizuri, Kemia kapata F. Udaktari hapati mpaka arudie mtihani. Emanueli kusoma kunampa shida, akanikabidhi mimi zile karatasi: moja ya Sirari, moja ya Mwanza, moja ya Musoma.

— Sirari! — akadakia Mzee Werema, dereva mstaafu, Profesa wa benchi. — Pale walimu wanavuka kutoka Kenya. Kwa Kiingereza kile, hata Kemia inaogopa.

— Mpeleke Mwanza, — akasema Sindano. — Kituo kinatazamana na hospitali. Akinusa dawa kila siku, yanaingia yenyewe kichwani.

— Basi wauza dawa za ng'ombe wote wangekuwa madaktari!

Profesa akachukua karatasi ya Musoma. Ilikuwa na picha ya kijana aliyevaa koti jeupe.

— Hiki hapa. Huyu kasoma hapo, leo ni bingwa. Macho yenyewe yanaonyesha.

Sindano akaivuta karatasi mpaka puani.

— Bingwa gani? Koti hili nimeshona mimi. Oneni kola, upande mmoja umezidi. Ni la mpiga picha mmoja, anawaazima wateja.

Tukacheka. Emanueli hakucheka.

— Kujiandikisha vituoni mwisho Ijumaa, — akasema. — Na huyu mtoto alicheza tu shuleni. Nimemwambia hivyo tangu matokeo yatoke. Nataka kituo chenye geti, afungiwe.

— Geti na mbwa, — Profesa akaongeza. — Na anyolewe. Joto la nywele linayeyusha fomula.

Boke akatokea, ametoka kutoa kopi za vyeti, begi la vitabu begani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Tata, mmepata? — akamuuliza baba yake.

— Wazee wananisaidia kuchagua.

— Kipi kina maabara?

Nikazigeuza zile karatasi mbele na nyuma. Kulikuwa na hosteli, geti, chakula. Maabara sikuiona.

— Maabara ya nini? — Emanueli akauliza.

— Nilianguka kwenye vitendo, Tata. Shuleni mwalimu alituchorea bureti, ule mrija wa kupimia, ubaoni, miaka miwili. Ya kweli nimeishika siku ya mtihani. Ikaniponyoka, ikavunjika. Nikaomba nyingine, haikuwepo.

— Mbona hukuniambia?

— Siku ya kwanza nilianza kukwambia. Ukasema nilicheza.

Emanueli akanipa simu yake, nikapiga. Mwanza wakasema vitendo wanafundisha kwa video. Musoma wakasema maabara iko mbioni kujengwa. Sirari simu ikaita mpaka ikakata.

Emanueli akainuka, akalitoa begi begani kwa binti yake, akalivaa yeye.

— Twende Sirari, tukaone kwa macho.

Walirudi jioni. Maabara waliyoonyeshwa ilikuwa chumba chenye meza na sinki kavu, kingine hakuna. Ijumaa ikapita, Boke hajajiandikisha popote.

Siku hizi Emanueli benchini hakai. Anazunguka shule za sekondari moja moja, anawaomba walimu wamruhusu binti yake Jumamosi ashike vyombo, atavisafisha mwenyewe. Wengine wanamwambia vyombo hawana. Wengine wanamwambia yeye si mzazi wa pale. Jana alikuwa Kewanja. Wamemwambia arudi wiki ijayo, mwenye ufunguo amesafiri.