Lavinia Thurlow na Babu wa Miaka Miwili

Marehemu Lavinia Crowell Thurlow alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 mjini Haverfield, Massachusetts, mtoto wa pekee wa fundi viatu Amos Crowell na mkewe Hester. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1959, akafundisha historia miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi wake watakumbuka kwamba hakuwahi kumpa mtu alama zote.

Tarehe 14 Juni 1961 aliolewa na Warren Thurlow, mtu mpole aliyejifia kimyakimya mwaka 1989. Walijaliwa mwana mmoja, Alden, anayewasomea haya.

Mapenzi yake makubwa yalikuwa nasaba. Kwa miaka ishirini na miwili alifukua madaftari ya mji na ya kanisa, kizazi baada ya kizazi, hadi akamfikia Kapteni Josiah Crowell, aliyetua pwani hii mwaka 1638, kupitia mwanawe Ebenezer. Chama cha Mabinti wa Waasisi, kisichopokea ila wazao wa walowezi wa kwanza, kilimpokea, naye akawa anavaa nishani yake hata akienda kununua samaki. Kisha akachapisha kitabu cha ukoo.

Alden na mkewe walimlea Delphine, mtoto waliyemwasili, tangu ana miaka minne. Katika Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 2001, mtoto akiwa na miaka saba, alikifunua kile kitabu mezani.

"Bibi, mimi niko ukurasa gani?"

"Wewe huna ukurasa humu, mpenzi. Hiki ni cha damu. Haya, pitisha viazi."

Mtoto akapitisha viazi. Alden akavipokea, na aibu hiyo anayo mpaka leo.

Mwaka 2022 saratani ya ini ilimwangusha marehemu. Alitaka azikwe karibu na Kapteni, kwa hiyo Alden akaenda makaburi ya zamani kutafuta nafasi. Huko alikwangua ukoga kwenye jiwe dogo la kaburi: Ebenezer, mwana wa Kapteni Josiah, amefariki 1671, umri miaka miwili. Basi Ebenezer aliyeoa, ambaye ukoo wa Lavinia ulitokana naye, alikuwa mwingine wa jina hilo, kibarua tu ambaye madaftari hayasemi alikotoka.

"Mama, babu yako alikufa hajaacha hata kunyonya vidole. Alioaje?"

"Funga mdomo. Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Mwandike Delphine kitabuni, kwa mkono wako, nami nitalifukia jambo hili."

Aliomba siku tatu za kufikiri. Siku hizo zote Delphine ndiye aliyemwogesha, akamlisha supu ya chaza kijiko kwa kijiko. Siku ya tatu alimwita mwanawe.

"Siandiki. Waambie watu, nitakuwa nimeshakufa. Huyo si wetu."

Alifariki tarehe 9 Novemba 2022, saa nne asubuhi. Ameacha mwana, Alden, na mjukuu, Delphine, aliyemshika mkono hadi ukapoa. Mungu amlaze pema, nasi atupe moyo wa kumsamehe. Tumejaribu, bado hatujaweza.