Yahaya Sefu Ashuka Mtini

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Yahaya Sefu anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya kukata miti, Kivuli Safi, kwa miaka ishirini na minne na miezi saba. Muda wote huo ameanguka mara moja tu, na siku hiyo alianguka kutoka kwenye kiti cha ofisini akisaini fomu ya likizo.

Hakuja kwetu kutafuta kazi. Alikuwa fundi wa pikipiki Buyenzi, tukamwita aje atutengenezee tronsoneze, ule msumeno wa mota, uliokuwa umegoma. Alipomaliza alisema fundi harudishi chombo bila kukijaribu. Akapanda mkaratusi uliokuwa ukingoja zamu yake nyuma ya ofisi, akaupunguza tawi kwa tawi hadi chini, kisha akauliza kama kuna mwingine. Mkurugenzi wa wakati ule, Bwana Gaspard, alimwambia arudi Jumatatu. Gereji ilimngoja wiki nzima, ikakata tamaa.

Yahaya haugusi mti kabla ya kuuzunguka mara tatu, akiugonga kwa mgongo wa panga na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Wateja wenye haraka humcheka. Yeye huwaambia kwa upole kwamba mti hauna haraka hiyo.

Wengi mtakumbuka asubuhi ya nyuki. Tulikuwa Rohero, tukipogoa mti mbele ya benki moja, Yahaya alipokata tawi lililokuwa na wenyewe. Alishuka kwa kasi ambayo haijaandikwa katika kanuni zetu, akaingia mlango wa kwanza aliouona. Ulikuwa wa benki. Wateja wakaona mtu mwenye wavu usoni na panga mkononi, wakalala chini bila kuambiwa. Mlinzi alijikaza kiume, mpaka alipowaona nyuki nao wakiingia. Hapo akatangulia yeye kutoka. Yahaya aliwaomba radhi wote mmoja mmoja, wengine wakiwa bado sakafuni.

Lakini kisa kinachomweleza vizuri zaidi ni cha Kanyosha, mwaka 2019. Mama Spès, mjane wa miaka sabini, alikuwa na mti mkubwa wa avoka ukingoni mwa korongo, nyuma ya jiko lake. Kila masika korongo lilikula udongo kidogo. Binti yake Orlane akatuita tuukate. Mama hakutaka hata kusikia. Marehemu mume wake alikuwa akinyoa ndevu chini ya mti ule kila Jumapili, na msumari alioutundikia kioo ulikuwa bado kwenye shina.

Yahaya alipanda kwa ngazi kuukagua, akaacha kamba chini. Sisi wengine tukaenda kula. Tuliporudi, ngazi ilikuwa imefungiwa ndani ya nyumba pamoja na kamba, na Mama Spès amekaa kwenye kigoda, ufunguo kifuani. Masharti yake yalikuwa mafupi: Yahaya aahidi kwamba mti hautakatwa, ngazi itarudi.

Tulimpigia ishara aahidi tu. Sala ya adhuhuri ikamkuta juu, akaiswali kwenye tawi, akielekea kibla kwa tahadhari kubwa. Saa tisa Mama, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpelekea maharage na ndizi kwa fimbo ndefu ya kuangulia avoka. Alikula, akashukuru, akasifu chumvi. Hakuahidi.

Kufikia saa kumi, Mama mwenyewe alichoka kungoja, akamuuliza kwa nini anakuwa mgumu hivyo kwa neno moja dogo. Yahaya akamjibu kutoka juu:

"Mama, mi siwezi kukuahidi uongo. Niko naona mizizi toka uku, iko inaning'inia mu korongo. Muti ukienda, utaenda na jiko, na we uko ndani."

Mama Spès aligeuka, akalitazama korongo. Kisha akainuka, akafungua mlango, akaileta ngazi mwenyewe, akikataa kusaidiwa.

Kazi ilichukua siku tatu. Kila kipande kilishushwa kwa kamba, na hakuna bati lililobonyea. Kipande chenye msumari Yahaya alikikata kwa msumeno wa mkono, akakisugua, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Wiki tano baadaye mvua ilipiga siku mbili mfululizo, na mahali mti uliposimama pakaondoka na maji. Jiko lilibaki. Mama Spès alikuja ofisini kwa miguu, na kikapu cha avoka alizonunua kwa jirani, akasema anamtafuta yule mtu asiyejua kudanganya.

Yahaya amefundisha wapandaji tisa, akipanda pamoja nao siku zote, wa mwisho wao Joëlla, ambaye sasa hupanda haraka kuliko wote na anajua hivyo.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwake Buyenzi kumpogolea mwarobaini wa uani, zawadi yetu ya kumuaga. Tulimkataza kupanda. Joëlla akapanda, na Yahaya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, akabaki chini kushika kamba. Tawi moja liliyumba kidogo, jambo la kawaida kabisa. Yahaya akafumba macho. Mke wake, Bi Zaituni, aliyekuwa akipanga vikombe vya chai, aligeuka kumtazama.

"Zaituni," akamwambia polepole, "kumbe uku chini ni kubaya hivi?"

"Miaka makumi mbili na ine," akajibu Bi Zaituni, akampa chai.

Kaka Yahaya, asante kwa kila mti, na kwa kila mara uliyotuambia ukweli tukiwa na haraka. Bi Zaituni, asante kwa kutuazima mume wako. Leo tunamrudisha akiwa mzima. Mungu awape maisha marefu yenye heri, na miguu yote minne ardhini.

Concilie, katibu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako