Kamba Isiyokuwapo Mkononi mwa Chuma

— Elfu kumi hizi hapa, shemeji! Nakupa mimi mwenyewe. Kanunue kopo la rangi, ukafute lile neno mlangoni kwako.

— Rudisha hela yako mfukoni kabla sijaipiga pasi ukiwa umeishika.

— Huu ni msaada, si matusi. Aliyelazwa hufuta. Ndiyo sheria ya meza.

— Sikulazwa! alifoka dobi.

— Ulilazwa chali, bwana, mpaka vikombe vikaruka!

Kijiwe chenyewe kilikuwa meza moja nzito, ambayo zamani ilikuwa mlango wa ghala, na mabenchi mawili, katikati ya duka la kinyozi na chumba cha dobi. Bi Birika aliuza kahawa hapo kila jioni, na hapo mtu hakuitwa jina alilopewa na wazazi bali alilopewa na meza. Jina kubwa kuliko yote lilikuwa Chuma. Mwenye nalo ndiye aliyemiminiwa kikombe cha kwanza, na njia ya kulipata ilikuwa moja tu: kulazana mikono. Mkono wa kulia mezani, wa kushoto mgongoni, kiwiko kisihame. Kikihama umeshindwa, hata kama unacheka. Dobi alikuwa Chuma kwa miaka mitatu, na jina lilimwingia hadi akaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu, CHUMA DOBI, herufi M ikiwa imelala upande kwa kuwa kiti alichopandia kiliteleza. Wateja walilijua hilo kuliko la kwenye kitambulisho chake. Jana jioni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi mwashi aliyeitwa Zege, alitoka kupiga plasta akiwa amelowa saruji hadi viwikoni, akaketi bila hata kunawa, akamlaza. Leo Bi Birika aliweka sinia lake pana mezani, akamimina kikombe cha kwanza akakisukuma kwa Zege. "Chuma, karibu." Dobi alisikia jina lake likipita mbele yake kama mtu asiyemjua. Kikombe chake kilipofika, kilifika na jina jipya: Tambi.

Sasa dobi ni mtu aliyejifunza kila kitu mwenyewe, kuanzia kuandika mpaka kutoa doa la kutu, na mtu wa namna hiyo hakubali kushindwa mpaka aelezwe ameshindwa kwa nini.

— Nielezeni basi, alisema akiukunja mkono wa shati. Mkono ndio huu. Unabeba pasi ya mkaa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Umeshindwaje na mkono wa mtu anayeshinda akipakapaka ukuta?

— Aa, hapo umeuliza swali la kitaalamu, alisema kinyozi.

Kinyozi aliitwa Daktari. Udaktari wake ulitokana na picha kubwa aliyoinunua kwenye duka la dawa lililofungwa, picha ya mtu aliyechunwa ngozi, mifupa na misuli yote nje, ameinyoosha mikono kama anayesubiri kupimiwa suti. Aliibandika ukutani dukani kwake, akaisoma miaka nenda miaka rudi huku akinyoa.

— Hapa, alisema Daktari akikigusa kigasha cha dobi, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, mna mifupa miwili. Si mmoja. Wahenga walilijua hilo zamani, ndiyo maana walisema mkono mmoja haulei mwana.

— Hiyo methali inahusu mifupa? aliuliza Bi Birika.

— Inahusu nini kingine? Geuza kiganja juu, Tambi.

— Usiniite Tambi.

— Geuza tu. Sasa kigeuze chini. Umeona? Mfupa wa upande wa kidole cha mwisho umetulia, huu wa upande wa gumba umepanda juu ya mwenzake, imepishana kama miguu ya mtu aliyekunja nne. Zege alikulaza mifupa yako ikiwa imekunja nne.

— Usiniite Zege, alisema Zege. Chuma.

Dobi aligeuza mkono wake juu, akaugeuza chini, akashika kiwiko kwa mkono wa pili, na kweli alihisi mfupa mmoja ukizunguka kama mtu anayejigeuza kitandani. Ilimuudhi. Miaka arobaini na kitu anautumia, hakuna aliyemwambia.

— Na kifundoni? aliuliza.

— Kifundoni mna vijifupa vinane, vidogo, vimepangwa safu mbili kama kokoto.

— Kokoto! Zege alipiga meza. Si niliwaambia? Mkono ni kazi ya mwashi! Kokoto nane, nani anazijua kokoto kunizidi? Nilishinda kwa haki ya taaluma.

— Ngoja, alisema dobi, macho yameshaanza kuwa madogo. Daktari, hiyo picha yako, mkono wa kulia unasemaje? Maana sisi tulishindana wa kulia.

Daktari akanywa kahawa. Akanywa tena, kikombe kikiwa kitupu.

— Wa kulia uko nyuma ya kioo.

— Kioo gani?

— Kioo cha kunyolea. Nilikipigilia misumari kabla sijanunua picha, ikabidi upande mmoja niupenyeze nyuma yake. Mimi naujua mwili wa binadamu wote, isipokuwa kipande cha kulia kuanzia begani.

— Kwa hiyo wa kulia hujawahi kuuona!

— Naweza kukadiria. Nadhani wa kulia una kokoto kumi, maana ndio unaofanya kazi.

— Kadiria ndevu! Hapa linazungumzwa jina la mtu!

Hapo ndipo alipodakia Breki. Breki alikuwa amestaafu udereva wa malori, na duniani hakukuwa na kitu ambacho kwake hakikufanana na lori. Muda wote alikuwa ameketi mwisho wa benchi akichezesha vidole.

— Mnahangaika na fremu, alisema. Mifupa ni fremu tu, nguvu iko kwenye kebo. Shikeni vigasha vyenu. Kaza. Sasa chezesheni vidole.

Wakashika. Mtu mzima baada ya mtu mzima, wote wameshika mikono yao wenyewe, wanachezesha vidole. Bi Birika naye aliweka birika chini akashika.

— Yesu na Maria, alisema. Vidole viko huku, mnyama anatembea huku!

— Injini iko kwenye kigasha! Breki alikuwa amesimama sasa. Kidole hakina msuli wa kujikunja chenyewe. Kinavutwa kwa kebo kutoka huku juu, kama breki ya mkono. Si mlivuta kamba ya mguu wa kuku utotoni, vidole vikajikunja? Basi ndiyo wewe. Wewe ni mguu wa kuku, Tambi.

— Nimetoka kwenye tambi nimekuwa mguu wa kuku, alisema dobi. Jioni njema kweli.

— Usikasirike. Mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia. Unganisha gumba na kidole cha mwisho, hivi. Kunja kifundo kidogo kuelekea kwako. Umeona katikati hapa, kamba inavyosimama?

Kwenye mkono wa Breki kamba ilisimama kweli, imekaza kama ya kuanikia. Kwa Daktari ilisimama, nyembamba lakini ipo. Kwa Bi Birika ilisimama hadi akajisifu. Dobi akaunganisha gumba na kidole cha mwisho, akakunja, akangoja.

Hakikusimama kitu.

Akakunja zaidi. Akatetemeka mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Shingoni ulitoka, mkononi, patupu. Palikuwa laini kama shuka jipya.

— Hana! alipiga kelele Daktari. Jamani, hana kamba!

— Ndiyo sababu! alisema Breki. Lori bila kebo, linapandaje mlima?

— Shemeji, alisema Zege kwa sauti ya msiba, mikono kifuani. Kumbe tulikuozesha dada yetu ukiwa na upungufu.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Dobi alishusha mkono chini ya meza. Aliona lile kopo la rangi kama limeshanunuliwa. Alijiona juu ya kiti, anaanza kufuta na ile M iliyolala. Mkewe angeuliza kwa nini. Wateja wangeuliza dobi mpya ni nani. Na yeye angejibu nini? Kwamba Chuma alikuwa na kamba pungufu?

— Imekwenda wapi? aliuliza Bi Birika, kwa huruma kidogo.

— Joto la pasi, alisema Daktari. Imeyeyuka. Kila siku tone moja moja. Haba na haba.

— Haiyeyuki, alisema Breki. Kebo ikikosa kazi huhama. Imeteremka mguuni. Si mnaona anavyotembea haraka?

— Basi huenda alizaliwa nayo, akaikata kwa kukung'uta mashuka! alisema Daktari. Kuna jirani yangu alikung'uta zulia, akasahau jina la mkwewe.

— Hilo ni la kichwa.

— Kichwa na mkono vina kamba moja! Kwa nini mtu akisahau hujikuna?

— Dawa ipo, alisema Breki. Anawekewa ya kuku. Jogoo lakini, si kuku wa mayai.

Dobi aliwaacha waende. Alikuwa akimtazama Zege, na jambo moja lilimkera. Wote walikuwa wamejipima. Bi Birika mwenye birika la kuangalia alijipima. Zege alikuwa bado amefumbata mikono kifuani, kile kikombe cha kwanza kikiwa katikati yake, anakinywa kwa kuinamisha shingo, tone kwa tone, ili kisiishe.

— Shemeji. Na wewe tuoneshe kamba yako.

— Ya nini? Mshindi hapimwi.

— Mnunuzi wa rangi za watu, onesha mkono.

— Mkono usioweza kuukata, ubusu, alisema Zege.

— Sitaki kuubusu, nataka kuuona!

Breki akamshika mkono wa kulia, Daktari akamuunganishia gumba na kidole cha mwisho, kifundo kikakunjwa. Wakainama wote, vichwa vikagongana.

Patupu. Laini kama ukuta uliopigwa plasta na fundi mzuri.

— Na huyu hana! alisema Bi Birika.

Dobi alisimama taratibu, kama anayepandisha bendera.

— Haya, wataalamu. Kama kamba ndiyo nguvu, asiye na kamba amemlazaje asiye na kamba? Kebo hana. Kokoto ni nane kwangu na nane kwake.

— Au kumi, alisema Daktari.

— Kimya wewe wa nusu picha! Nauliza. Mtu niliyemlaza mara sita kwa miaka mitatu, jana alipata wapi nguvu?

— Mazoezi, alisema Zege, lakini alikiambia kikombe.

— Mwezi ulikuwa mkubwa, alisema Daktari. Mwezi huvuta maji, na mkono una maji.

— Hapana, alisema Breki, ni upepo wa tairi...

— Kahawa imekwisha, alisema Bi Birika.

Akaligeuza birika juu chini kila mtu aone, akakusanya vikombe vyote isipokuwa kile alichokikumbatia Zege, kisha akainua lile sinia pana alilokuwa ameliweka mezani tangu alipofungua. Wakati huohuo akafika mama mmoja mgeni pale kijiweni, amehamia mtaa huo juzi tu, ana furushi la mapazia kichwani.

— Hamjambo? Naulizia dobi anayeitwa Chuma. Nimeelekezwa mlango wenye maandishi mekundu.

Zege alifungua mdomo, akaufunga, mapazia hakuyataka. Mama akateremsha furushi, akataka kuliweka mezani, akasita.

— Mapazia ni meupe haya. Hivi vigumu viwili hapa ni nini?

Pale sinia lilipokuwa, upande aliokaa Zege jana, palikuwa na alama mbili za saruji iliyokauka, duara kama sarafu. Moja karibu na ukingo wa meza. Nyingine ndani zaidi, umbali wa shibiri nzima.

— Aa, hiyo ni ya kiwiko cha huyu bwana, alisema Breki. Jana alitoka kwenye plasta, walikuwa wakilazana mikono.

— Na hii nyingine?

— Nayo ni kiwiko chake.

— Cha mkono wa kushoto?

— Wa kushoto ulikuwa mgongoni, mama, alisema Bi Birika kwa fahari. Hapa tuna sheria. Nilimwona mwenyewe, aliushika mkanda wake mpaka mwisho. Ni mkono uleule wa kulia.

Mama akaitazama alama ya kwanza, akaitazama ya pili, kisha akawatazama wao mmoja mmoja, kwa adabu ya mtu mgeni.

— Samahanini, mimi sikusoma sana. Kwani mkono mmoja una viwiko vingapi?

Daktari aligeuka kutazama dukani kwake, kwenye kile kioo. Breki akaanza kuhesabu kwa kidole, akaishia kwenye moja, akaanza upya. Bi Birika alipitisha kucha juu ya saruji ya kwanza, akaikwaruza, ikagoma kutoka. Zege alikishika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyeshikwa na baridi.

Dobi alilipokea furushi la mapazia, akaliweka begani. Kisha akanyoosha ule mkono wake usio na kamba, kiganja juu, mifupa miwili imelala sambamba, mpaka mbele ya kifua cha shemeji yake.

— Jina langu. Na hicho kikombe, lete, hata kama kimepoa.