Mzee Malongo na Pedali ya Kushoto

Fabiani, weka nyundo chini. Jana nimekuona kwa macho yangu unagonga spana kwenye baiskeli ya Irambona kama mtu anayeua nyoka, na mwenye karakana hata hajaondoka. Huna haya? Sherehe ni ya Mzee, lakini wewe ndiye unayeachiwa karakana, kwa hiyo sikiliza.

Mzee Matiasi Malongo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2017, baada ya kuitumikia zahanati yetu ya Mbuba miaka ishirini na mbili na ushee. Alikuja mwishoni mwa 1994 akitokea Shinyanga, wakati wakimbizi wamejaa mpaka tunakosa pa kukanyaga. Wahudumu wa afya walizunguka kwa baiskeli, na kila baiskeli ina kwao: za Kihindi, za Kichina, nyingine tumepewa na Wazungu hatujui zimetoka wapi. Spea hakuna. Mzee akawa anamvua huyu anamvisha yule. Kitu kisipoingia, anakisugua kwa tupa. Kikipwaya, kipande cha bati, au mpira wa tairi la ndani, halafu nyundo. Na inakwenda! Mama Jovina aliletwa kujifungua juu ya baiskeli yenye magurudumu yasiyolingana, amekaa nyuma kama bibi harusi. Mtoto mwenyewe leo ana ndevu.

Miaka yote hiyo Mzee hakuwahi kumwambia mtu kwamba kitu hakiingii. Alijivunia hilo, na sisi tukazidi kumvimbisha kichwa. Hata mimi Deodata wa jikoni, mwiko wangu ulipokatika aliutia mpini wa bomba la baiskeli. Nasongea ugali mpaka leo.

Ndipo akaja Irambona. Binti huyu alivuka mpaka na mama yake mwaka juzi, wakafikia kwa shangazi yake Bugarama. Mali aliyokuja nayo ni baiskeli ya mashindano, ile ya tairi nyembamba, nyepesi unaibeba kwa mkono mmoja. Kocha mmoja wa Mwanza alimwambia: leta kwanza namba za nguvu zako za mwezi mzima, nione kama nikuchukue. Nguvu za miguu, siyo mwendo. Kuna kidude kinapima unavyokanyaga, kinaandika kwenye simu. Binti ana mwenzake ng'ambo, akamtumia cha mtumba, kimebandikwa kwenye mkono wa pedali wa kushoto.

Mkono ule haukuwa wa baiskeli ile. Tundu lake na ekseli vilikataana. Mzee wetu akafanya alivyozoea: tupa, bati, nyundo. Ukakaa. Binti akaondoka anacheka. Alipofika kwenye mpando, akasimama juu ya pedali akanyage kwa nguvu zote, mkono ukachomoka. Akarudi kwa miguu, kiwiko kimechunika, kidude kimeharibika.

Mzee alikaa kwenye benchi lake hata chai akaisahau, na mnajua chai yake haikai. Kisha akamwambia yule mtoto mbele yetu wote, "Nimekosa, binti yangu. Nilikuwa nakilazimisha." Mtu mzima, fundi, anasema hivyo! Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Toka siku ile alianza kupima kabla ya kushika chombo. Aliichunguza baiskeli ya Irambona kama daktari, akaomba aoneshwe na picha za vipimo kwenye simu. Akasema kipimo cha kwenye mkono lazima kifanane na baiskeli yake, kampuni na ekseli, na hicho hatukipati. Lakini kuna vipimo vilivyo ndani ya pedali zenyewe, na nyuzi za pedali zake, zile za kuzungushia kama za skrubu, ni za kawaida. Yule mwenzake, Mungu ambariki, hakukasirika, akatuma hizo. Mzee alizifunga kwa vidole kwanza, polepole, spana ikamalizia. Hakugonga hata mara moja.

Namba zikaenda Mwanza. Kocha amemwita! Anapanda basi kesho Jumamosi, na baiskeli lazima itolewe pedali ndipo iingie kwenye buti. Nyuzi zikifa, hakuna pedali nyingine, na huyo mtoto atafika kwa kocha na baiskeli ya kusukuma.

Mzee Malongo, asante. Umetutembeza wagonjwa kwa wazima, na uzeeni bado ulikubali kujifunza. Nenda kwenu ukapumzike, ng'ombe wako wakuzoee sura, wajukuu wakuchoshe kwa kelele. Tunakuombea afya na chai ya moto kila asubuhi.

Na wewe Fabiani, leo kabla hujagusa pilau, mshike Mzee mkono mwende karakana akuoneshe. Pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande ule unaofungia nati nyingine zote. Jana ulikuwa unaikaza. Ukishazitoa, zifunge kwenye kitambaa safi, umkabidhi Irambona mkononi. Nyundo niletee jikoni.