Chupa Elfu Tatu za Salha

Benchi la Majengo, nyuma ya maduka ya nafaka, halina egemeo, na wanaolikalia hawana haraka. Asubuhi ile Mwanahawa aliwamiminia kahawa roho ikiwa juu. Binti yake Salha alikuwa amepima kaboni baharini miaka kumi na miwili, sasa mradi wake umefungwa. Kesho anakuja kuomba kazi kwenye shamba la majaribio la kikundi cha wakulima wa Hombolo. Mwenyekiti wa kikundi ni Mbwana, naye Mbwana alikuwa amenuna.

— Hombolo hakanyagi. Alisema bahari imepata joto, nikapanda heka nne kwenye vumbi. Mbegu zimeliwa na mchwa.

— Lakini hesabu ilikuwa sawa, alisema Halfani, fundi bajaji waliyemwita Injinia. Bahari ikichemka, mvuke si unakuja huku?

— Uko wapi?

— Umezuiwa Morogoro. Wale wana milima.

Masudi, aliyeitwa Bunge kwa kutonyamaza, akacheka.

— Hamjui kitu. Mtoto alikuwa anateka maji ya bahari anafungia kwenye chupa. Ngapi, Mama Salha?

— Elfu tatu, alisema Mwanahawa, akajuta hapo hapo.

— Elfu tatu! Si mawingu yetu hayo? Yako kabatini, yanasubiri tufe na kiu!

— Bunge, acha upuuzi, alisema Mwanahawa. Anapima moshi unaomezwa na bahari. Hata wa bajaji za Injinia.

— Basi ikishiba itatucheulia, alisema Halfani.

Wakacheka. Mwanahawa hakucheka, kwani hilo la bahari kushiba na kucheua ndilo Salha alilolisema miaka yote.

Mwanamke mgeni, Ruthu, aliyefuata mtama sokoni, alikuwa amewaamkia na kuketi pembeni.

— Samahani wazee. Huyo dada aliwaambia mpande?

Injinia akamtazama Bunge. Bunge akatazama kikombe.

— Tuliambiwa hapa hapa, alisema Mbwana. Na mama yake.

Mwanahawa aliikumbuka ile simu. Salha alisema bahari imepata joto, akaanza kusema “lakini”. Wateja walikuwa wanasubiri kahawa, Mwanahawa akakata simu. Yaliyobaki aliyamalizia mwenyewe, kwa kujidai: mwaka huu mvua tele.

— Hakusema yeye, alisema. Nilisema mimi.

Mbwana akasimama, akakung'uta kanzu.

— Mama Salha, wewe uliyemzaa hukumsikiliza. Sisi tumsikilize kwa lipi?