Msiba wa Muheza na Ubao wa Bluu

PASKALI: Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?

MWANAHAMISI: Kumbe simu unapokea! Yangu tangu juzi inaita mpaka inachoka, hii ya Hassani umeidaka mlio wa kwanza.

PASKALI: Dada Mwanahamisi? Aa... shikamoo, dada.

MWANAHAMISI: Marahaba. Mwenyekiti wako mwenyewe wa Simama Majini, kama kikundi chako bado unakikumbuka. Pole na msiba, mdogo wangu.

PASKALI: Asante, dada. Nimeshapoa. Ndiyo hivyo, kazi ya Mungu.

MWANAHAMISI: Haina makosa. Shangazi Beatha, maskini. Alikuwa anaumwa nini vile?

PASKALI: Presha. Ghafla tu.

MWANAHAMISI: Ohoo. Mwenzetu Heri wewe ulimwandikia ni sukari.

PASKALI: Vyote viwili, dada. Sukari ilipanda, na presha nayo ika— [mtandao unakwaruza] —nakusikia vipande vipande. Huku Muheza mtandao wenyewe—

MWANAHAMISI: Mimi nakusikia vizuri kabisa. Mmeshazika?

PASKALI: Ndiyo. Yaani, bado. Tunamsubiri mchungaji.

MWANAHAMISI: Mchungaji anatokea wapi, Ulaya? Jumatatu mnamsubiri, leo Jumatano mnamsubiri.

PASKALI: Ana ibada nyingi.

MWANAHAMISI: Na hao watoto nawasikia hapo nyuma?

PASKALI: Wajukuu wa marehemu.

MWANAHAMISI: Mbona wanacheka?

PASKALI: Watoto, dada. Wanajua nini?

[filimbi inalia, karibu kabisa na simu]

MWANAHAMISI: Na hiyo?

PASKALI: Ipi?

MWANAHAMISI: Paskali. Msibani kwenu mnapuliza filimbi?

PASKALI: Ni... trafiki. Nyumba iko barabarani.

MWANAHAMISI: Barabarani. Haya. Mimi nilidhani iko nyuma ya soko, mlango wa kijani, na mchungwa umeinamia choo.

PASKALI: Nani amekuelekeza?

MWANAHAMISI: Katiba ya kikundi, kifungu cha nne. Nani aliiandika?

PASKALI: Mimi.

MWANAHAMISI: Kinasemaje?

PASKALI: Mwanachama akifiwa, kikundi kizima kinakwenda.

MWANAHAMISI: Malizia.

PASKALI: "Wala hakuna kutuma salamu." Lakini dada, msije! Nilimwambia Heri msisumbuke, mashindano ni Jumamosi, bakini bwawani mfanye mazoezi—

MWANAHAMISI: Tumeshafika. Tumeteremka na Noah ya Hassani tangu alfajiri, watu saba, viazi magunia mawili, kabichi zimejaa miguuni. Sufuria kubwa ya Zuhura nimeipakata mimi kutoka Lushoto, mapaja yamekufa ganzi. Niko kibarazani kwa shangazi yako hivi ninavyoongea.

PASKALI: Mungu wangu.

MWANAHAMISI: Marehemu ananimenyea chungwa.

PASKALI: [kimya]

MWANAHAMISI: Haloo? Au mtandao umekata tena?

PASKALI: Nipo, dada.

MWANAHAMISI: Zuhura ameshuka garini na kilio chake, unamjua Zuhura, "Mama weee, umetuacha na nani!" Mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko mkononi anauliza, jamani, nani amekufa? Tungemjibu nini? Heri amekwenda kujificha nyuma ya gari mpaka sasa.

PASKALI: Nisamehe, dada. Naomba nisamehe sana.

MWANAHAMISI: Mimi nimelia, Paskali! Kutoka Soni mpaka Mombo namlilia mtu nisiyemjua, kwa sababu ni wako. Nimeumia. Sikufichi, nimeumia sana.

PASKALI: Dada, ngoja nikueleze—

MWANAHAMISI: Utaeleza nikimaliza. Stoo ya bwawani ufunguo unao wewe peke yako. Tumevunja kufuli jana. Ubao wa bluu wa kusimamia majini uko wapi?

PASKALI: Ninao.

MWANAHAMISI: Na pampu yake ya kuujazia upepo?

PASKALI: Ninayo.

MWANAHAMISI: Ubao mmoja wa maana tulionao, nyingine zote ni mbao za kuchonga za Heri, nzito kama kitanda. Umeondoka nao siku tano kabla ya mashindano. Haya, leo tumeshafika hapa kibarazani, nafungua simu, wale wapinzani wetu wa Tanga wameweka picha zao. Ufukwe, jua, watu vifua wazi. Na katikati, kwenye ubao wa bluu, limeanikwa sweta la kijani. Niambie nani Tanga anavaa sweta.

PASKALI: Usiku kuna upepo, dada.

MWANAHAMISI: Zuhura alilifuma kwa mkono wake, kakosea kishada cha shingo. Nimekiona kishada!

PASKALI: Ni langu, dada.

MWANAHAMISI: Basi uko Tanga.

PASKALI: Niko Tanga.

MWANAHAMISI: Kwa yule bwana wa miwani myeusi aliyekuja bwawani kwetu Pasaka, akawa anakuita pembeni. Nilimwona. Nikasema moyoni, huyu anatuchukulia kinara wetu. Halafu nikajikemea, nikasema Mwanahamisi acha roho mbaya.

PASKALI: Siyo hivyo unavyo—

MWANAHAMISI: Ni hivyo! Jumamosi utasimama upande wao na fulana yao. Mgoshi, mwanaume wewe, mimi nimepita nyumba kwa nyumba. Kwa mume wa Zuhura nimekwenda mara tatu, anasema mke wangu asimame juu ya maji ana wazimu? Nikamwambia, Paskali yupo, Paskali amekulia Pangani, maji ni kama ua wa kwao. Nimekudhamini kwa watu wote hao. Ukituacha, Jumamosi hatuna timu, na mimi sina uso Lushoto.

PASKALI: Sijawaacha, dada. Naapa.

MWANAHAMISI: Usiape. Jambo la mwisho. Barua ya masharti ya mashindano ulitusomea ukurasa mmoja. Nimeishika jana, ina matundu ya pini na kutu ya pini, lakini karatasi ni moja. Ukurasa wa pili uko wapi?

PASKALI: [mtandao unakwaruza] ...mfukoni.

MWANAHAMISI: Mfukoni mwa nani?

PASKALI: Mwangu. Umelowa, lakini unasomeka.

MWANAHAMISI: Umeandikwa nini? Kwamba mtu anaruhusiwa kuhama kikundi?

PASKALI: Hapana.

[filimbi inalia tena; watoto wanaita kwa pamoja, "Mjombaaa!"]

MWANAHAMISI: Nani huyo mjomba wanayemwita?

PASKALI: Mimi.

MWANAHAMISI: Paskali, uko wapi hapo Tanga?

PASKALI: Kwenye nyumba ya wageni moja ya ufukweni, ina bwawa la kuogelea. Niko... dada, wenzako wanasikia?

MWANAHAMISI: Wamekwenda kwenye machungwa. Sema.

PASKALI: Niko darasani. Na chekechea.

MWANAHAMISI: Unawafundisha?

PASKALI: Nafundishwa nao.

MWANAHAMISI: Unafundishwa nini?

PASKALI: Mimi sijui kuogelea.

MWANAHAMISI: Sema tena.

PASKALI: Sijui kuogelea, dada. Sijawahi kujua. Pangani nimepita mara moja tu, kwenye harusi. Nimekulia Kwai, kwa ng'ombe.

MWANAHAMISI: Ndiyo maana! Shangazi yako nimemweleza kazi yako, nikamwambia huyu anatufundisha kusimama juu ya ubao majini na kupiga kasia. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Paskali huyu? Alikuwa anaogopa beseni!" Nikadhani anakutania.

PASKALI: Hakutania.

MWANAHAMISI: Miaka miwili, Paskali! Miaka miwili unatuambia inua kidevu, kaza goti, msiogope maji!

PASKALI: Kusimama najua. Kasia nalijua. Lakini bwawa letu ni la kumwagilia kabichi, maji yanaishia kiunoni. Umewahi kuanguka ukafanya nini?

MWANAHAMISI: Nasimama.

PASKALI: Umeona? Sisi sote tunaanguka, tunasimama, tunajipangusa, tunapanda tena. Yule wa miwani aligundua Pasaka ile ile. Aliniita pembeni akaniambia, "Nyinyi hamuogelei. Mnatembea." Nikamsihi asiseme. Ndiye aliyenitafutia huyu mwalimu, Bi Tatu, nesi mstaafu. Ana filimbi, na hana huruma.

MWANAHAMISI: Na ubao?

PASKALI: Nautumia kujifunza kuanguka. Huku upande wa kina ukianguka hakuna chini, dada. Unatafuta kwa mguu, hupati kitu. Nimeogopa sijapata kuogopa hivyo. Wamenivalisha maboya ya mikononi, ya waridi. Mtoto wa miaka sita ananishika mkono ananiambia, mjomba, pumua.

MWANAHAMISI: Ungeniambia mimi.

PASKALI: Ningekuambiaje, nawe ulikuwa unanisifia kila mlango? Niliona aibu, dada. Nikaona bora nimuue shangazi.

MWANAHAMISI: Laa ilaha... [anacheka, anajizuia] Usinichekeshe, nimekukasirikia. Kwa hiyo ukurasa wa pili ndio unaosema nahodha lazima aogelee?

PASKALI: Siyo nahodha.

MWANAHAMISI: Nani, basi?

PASKALI: Kila mshiriki. Mita hamsini, baharini, kabla ya kukabidhiwa ubao. Asiyefika anabaki nchi kavu. Na timu isiyofikisha watu wanne inafutwa.

MWANAHAMISI: Kila mshiriki?

PASKALI: Ndiyo. Na chini kuna tamko kwamba kikundi chetu chote kinajua kuogelea. Lina sahihi.

MWANAHAMISI: Nani mpumbavu aliyetia sahihi kitu kama hicho?

PASKALI: Dada...

MWANAHAMISI: Paskali?

PASKALI: Ulikuwa unapakia karoti, dada. Nilikuletea kalamu. Uliuliza tu kama cheo chako kimeandikwa kwa herufi kubwa.

MWANAHAMISI: Kimeandikwa?

PASKALI: Kubwa kabisa.

MWANAHAMISI: Astaghafirullah. Ngoja. Usikate. [sauti yake inasogea mbali na simu] Jamani! Acheni machungwa, njooni hapa! Nani hapa anajua kuogelea? Kuogelea, siyo kuoga, Hassani. Zuhura? Heri? Heri, nitazame mimi, usitazame viatu. [anarudi] Haloo?

PASKALI: Wangapi?

MWANAHAMISI: Hakuna hata mmoja.

PASKALI: Nilijua. Ndiyo sababu sikuwasomea. Nilifikiri nikijua mimi kwanza, nitawafundisha Ijumaa.

MWANAHAMISI: Ijumaa! Wewe mwenyewe umefika mita ngapi?

PASKALI: Kumi na mbili. Jana zilikuwa saba.

MWANAHAMISI: Kumi na mbili. Na Jumamosi zimebaki siku tatu tu.

PASKALI: Basi tuandike barua, tujitoe. Nitakuja niwaambie wote mwenyewe, hata kwa mume wa Zuhura nitakwenda. Lawama ni yangu.

MWANAHAMISI: Lawama yako ipo, itakaa pale pale. Lakini sahihi ni yangu. Sikiliza. Hapo mlipo, huyo Bi Tatu anapokea watu wazima?

PASKALI: Dada!

MWANAHAMISI: Nimekuuliza.

PASKALI: Mmoja mmoja anapokea. Saba sijui.

MWANAHAMISI: Mwambie tunakuja na viazi magunia mawili, kabichi, na sufuria, chekechea wote watakula. Atakayefika hamsini Jumamosi atashindana. Asiyefika ataambiwa ukweli, atasimama ufukweni apige vigelegele. Hata mimi. Hilo tamko nitalifuta kwa mkono wangu.

PASKALI: Unakuja kweli? Na hasira zako hizo?

MWANAHAMISI: Nakuja nazo. Shangazi yako naye anapanda gari, anasema lazima akuone na hayo maboya ya waridi. Na ameapa usile tena kwake mpaka umfufue mbele za watu.

PASKALI: Nitamfufua.

MWANAHAMISI: Hassani ananionyesha vidole, dakika zake zinaisha. Haraka, nijibu: hayo maji yanafika wapi?

PASKALI: Upande wa kujifunzia ni shingoni tu, dada, usiogope.

MWANAHAMISI: Shingoni kwako wewe mlingoti, au kwangu?

PASKALI: Kwangu. Wewe yanakup—

[simu imekatika]